Kufunga TikTok hakukusimamisha hata risasi moja

Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025. Siku chache baadaye, wakaaji wa sehemu nyingi za Kongo wakaona TikTok haifunguki tena kwenye simu zao. X, ile iliyoitwa Twitter zamani, nayo ikawa kimya. Mwanzoni kila mtu alifikiri ni mega zimekwisha. Wengine walinunua mega mara ya pili, wengine walizima simu na kuiwasha, wengine walipanda kilimani kutafuta reseau. Kumbe mlango ulikuwa umefungwa na wakubwa. Waliotangaza jambo hilo mapema ni NetBlocks, shirika linalopima intaneti ya dunia nzima, lenye makao yake Uingereza. Yaani mhami wa vita aliyelala chini ya turubai alipata habari ya nchi yake kwa kupitia London.

Sababu inajulikana, maana ni ileile kila mara: uongo wa adui unapita kwenye video, basi video zifungwe. Hiyo ndiyo hoja ya kupimwa hapa, na kipimo chake si kigumu. Je, kufunga kulisimamisha kitu? Katikati ya mwezi wa pili, Bukavu nayo ikaanguka. Hakuna askari aliyerudi nyuma kwa sababu vijana wa Kinshasa hawakuweza kufungua TikTok. Hakuna muasi aliyekosa njia ya kutoa matangazo yake. Waliokosa ni wengine kabisa.

Waliokosa ni familia zilizotawanyika. Mwezi huo wa pili, makambi ya pembeni ya Goma yalivunjwa: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Watu waliambiwa warudi kwao, na wengi walitoka kwa haraka, mzigo kichwani, bila kujua kama nyumba bado ina mabati. Mama alielekea Masisi, kijana mkubwa akashika njia ya Minova, shangazi akavuka mpaka wa Uganda na kufika Nakivale. Wengine kutoka upande wa Bukavu na uwanda wa Ruzizi waliingia Burundi na kulala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Katika mtawanyiko kama huo, simu yenye kioo kilichopasuka ndiyo ofisi ya familia.

Anayeishi Kinshasa katika nyumba yenye umeme anaweza kufikiri kwamba TikTok ni ya wasichana wanaocheza muziki. Ni kweli, wapo, na hakuna ubaya. Lakini katika Kivu video fupi imekuwa kazi nyingine. Kijana anasimama barabarani na kuonyesha kama daraja limebaki. Dereva wa pikipiki anapiga picha za foleni kwenye kizuizi, watu wajue ni saa ngapi ya kupita. Muuza makala anaonyesha soko lililofunguliwa na bei ya gunia. Mchungaji wa kanisa anaonyesha watoto watatu waliofika peke yao, mmoja anasema baba ni seremala, mwingine anakumbuka jina la shule tu. Mama anayeitazama video hiyo hatazami uso peke yake. Anasikiliza sauti, anaangalia kitenge ambacho mtoto amejifunika, anasikia jinsi anavyotamka jina la kijiji.

Na mama huyo pengine hajui kusoma. Hilo wakubwa wanalisahau. Matangazo ya mashirika makubwa yanakuja kwa Kifaransa, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa msimamizi wa kambi. Video inakuja kwa Kiswahili, kwa Kihunde, kwa Kinande, kwa Mashi, kwa Kinyarwanda. Kwa mtu ambaye hakupata shule, kumfungia video ni kumfungia gazeti, kalamu na ubao wa matangazo kwa siku moja.

Kweli, kuna hatari pia. Kuweka uso wa mtoto asiye na mzazi mbele ya watu maelfu ni kumwita mwizi wa watoto kwa jina. Kazi hiyo ingefaa ifanywe na watu wa Msalaba Mwekundu, ambao wana ujuzi wa kutafuta familia zilizopotezana na hawatangazi kila kitu. Lakini watu wa Msalaba Mwekundu hawako kila kilima, na mama hawezi kungoja.

Wengine watajibu: WhatsApp ilikuwa bado. Ndiyo, lakini WhatsApp inataka namba. Mtu aliyenyang'anywa simu njiani, au aliyepoteza kadi na namba zote zilizokuwa ndani, hana pa kupiga. Ubora wa TikTok, YouTube na Facebook ni kwamba video inamfikia hata mtu usiyemjua, na huyo usiyemjua ndiye anayejua shangazi yako yuko wapi.

Sasa tuone waliopita kando ya kizuizi hicho. Wa kwanza ni wenye pesa na ujuzi. Hao waliweka VPN ndani ya dakika tano na wakaendelea na maisha. VPN inakula mega, na zile za bure nyingine zinajilipa kwa kuuza habari za mtumiaji, lakini mfanyakazi wa ofisi hajali sana. Mhami anayenunua mega za franka 500 anajali. Kwake kufungwa ni kufungwa kabisa.

Wa pili ndio wanaochekesha, kama ingekuwa jambo la kucheka. Katika Goma, karibu na mpaka, simu inashika antena za Gisenyi. Watu wengi wana kadi mbili, moja ya Kongo na moja ya Rwanda. Bukavu ni vilevile na Cyangugu, na Uvira watu wanashika reseau ya Burundi. Amri inayotoka Kinshasa inafika kwa kampuni zenye leseni ya Kongo tu. Kwa hiyo yule aliyebaki na kadi ya Kongo alifungiwa, na yule aliyetia kadi ya Rwanda akaendelea kutazama. Serikali inayosema kila siku kwamba Rwanda imeingilia nchi ikawasukuma raia wake wenyewe wakanunue mega kwa jirani huyohuyo. Kama kuna mtu aliyekaa chini kuandika mpango wa kuwafanya watu wa mpakani watoroke reseau ya nchi yao, asingepata mpango bora zaidi.

Na Starlink? ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, ilikataza vifaa vyake mwezi wa tatu 2024. Mwezi wa tano 2025 kampuni hiyohiyo ikapewa leseni. Kilichokuwa hatari kwa usalama wa taifa kikawa biashara halali baada ya miezi 14, na vita vilikuwa vimeongezeka, si kupungua. Msikilizaji ajiulize hatari ile ilienda wapi.

Lakini hoja ya serikali isichukuliwe kama upuzi mtupu. Kivu inajua kuliko mahali pengi kwamba maneno yanaua. RTLM ilianza kutangaza Kigali mwaka 1993, na wazee wa Goma na Bukavu wanakumbuka bahari ya watu waliovuka mpaka mwezi wa saba 1994. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu viongozi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Na kwa upande wa Kongo, mwezi wa 12 mwaka 2021, afisa wa jeshi la taifa aliyekuwa Munyamulenge aliuawa na umati Lweba, katika teritwari ya Fizi. Mauaji hayo yalipigwa picha, na video ikazunguka. Kuna watu wanaoketi mbele ya simu, wengine Ulaya na Amerika, wakiita jamaa zima nyoka au wavamizi, na wanapata wafuasi. Watu hao wapo, na ni haki kuwashika.

Basi washikwe. Sheria haikosekani. Kongo ina sheria ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Ina umri wa babu, na bado inafanya kazi. Ina sheria ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Ina sheria ya vyombo vya habari iliyotoka siku hiyohiyo. Ina CSAC, baraza la kusimamia vyombo vya habari, ambalo liko ndani ya katiba, kifungu cha 212. Anayeita watu kuua jirani zao aitwe mbele ya hakimu, asomewe maneno yake, ajitetee, ahukumiwe. Kinachofanyika ni kinyume: mchochezi mmoja anaachwa na jina lake na wafuasi wake, na mamilioni ya watu ambao hawakusema kitu wanafungiwa mlango.

Sheria hizo zinapotumika, zinaangukia nani? Kifungu cha 360 cha sheria ya numeriki kinaweza kumpeleka mtu gerezani kuanzia mwezi 1 hadi 6 kwa kuanzisha au kusambaza habari ya uongo kuhusu mtu kwenye mitandao. Uongo ni nini, na nani anaupima kabla ya pingu? Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa mwezi wa tisa 2023 kwa sababu ya makala ambayo haikuwa hata na sahihi yake. Alikaa Makala miezi sita, akatoka mwezi wa tatu 2024. Hakuna haja ya kumpenda wala kumchukia ili kuona ujumbe uliotumwa kwa waandishi wadogo wa mikoani, wale wasio na wakili Kinshasa wala balozi wa kuwauliza habari. Mwezi wa kwanza 2025 waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, aliandika kwamba mwanasiasa, mwandishi au mwanashirika la raia atakayesambaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23 atakutana na adhabu ya kifo. Aliandika hayo kwenye X, mtandao uleule ambao wiki chache baadaye wananchi walifungiwa.

Zaidi ya yote, historia ya nchi hii inaonyesha kwamba video zinazoogopwa si zile za uongo.

Mwezi wa pili 2017, video ilizunguka ikionyesha watu wenye sare za jeshi wakiwapiga risasi vijana na wanawake katika kijiji cha Mwanza Lomba, Kasai. Msemaji wa serikali wakati huo, Lambert Mende, alisema ni filamu iliyotungwa. Watu walishikilia ile video, waliitazama pole pole, waliangalia sare, walisikiliza lugha. Mwezi wa tatu mwendesha mashtaka mkuu wa jeshi mwenyewe akatangaza kwamba wanajeshi 7 wamekamatwa, na kabla mwaka haujaisha mahakama ya jeshi ikatoa hukumu. Bila video ile, Mwanza Lomba ingekuwa neno la wanakijiji dhidi ya neno la waziri, na kila mtu anajua neno la nani linashinda.

Mtu angefikiri serikali ilijifunza kuheshimu picha. Ilijifunza jambo lingine. Tarehe 7 mwezi wa nane mwaka huohuo 2017, ARPTC iliwaandikia wakuu wa kampuni za simu barua ikiwaamuru wapunguze hadi kiasi cha chini kabisa uwezo wa kupitisha picha kwenye mitandao. Barua haikusema uongo upunguzwe, ilisema picha. Upinzani ulikuwa umeita watu wabaki nyumbani, na wakubwa hawakutaka barabara tupu zionekane.

Goma ina mfano wake, na ni mchungu zaidi. Asubuhi ya tarehe 30 mwezi wa nane 2023, askari wa walinzi wa rais waliwafyatulia risasi waumini wa dhehebu moja waliotaka kuandamana dhidi ya MONUSCO. Hesabu za kwanza za wakubwa zilikuwa chini ya watu 10. Kisha zikazunguka video za askari wakiburuta maiti na kuzitupa ndani ya lori kama magunia ya mihogo. Ni ngumu kuzitazama, na waliokuwa na ndugu huko walizitazama mara nyingi wakitafuta shati wanalolijua. Siku iliyofuata serikali ilitaja wafu 43, na hesabu ikaendelea kupanda. Tarehe 2 mwezi wa kumi, mahakama ya jeshi ya Goma ikamhukumu adhabu ya kifo kanali Mike Mikombe, na askari wengine watatu wakapewa miaka 10. Kutoka chini ya 10 hadi 43: tofauti hiyo ni watu, wana majina, wana wajane. Nani angewahesabu kama picha zingekuwa zimefungwa asubuhi ile?

Ndiyo maana maneno ya kulinda wananchi dhidi ya uongo hayaingii masikioni mwa watu wa Goma kirahisi. Wanajua uongo ulitoka wapi siku ile na ukweli ulipitia wapi.

Wenye kufunga hawafungi vizuri hata kwa faida yao. Mwezi wa 11 mwaka 2021, tume ya kuchunguza nyimbo na maonyesho, chombo kinachosimama juu ya agizo la mwaka 1996, ilikataza nyimbo kadhaa za Bob Elvis pamoja na Nini Tosali Te ya kundi la MPR, wimbo unaolalamikia maisha ya raia kutoka utawala mmoja hadi mwingine. Klipu ilikuwa YouTube. Katazo lilipotoka, hata wazee wasiojua rap waliomba wajukuu wawaonyeshe. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba katazo la wimbo wa MPR liliondolewa mara moja. Tume haikuwa na uwezo wa kuifunga YouTube, ila kutisha redio na televisheni za nchi, zile zinazolipa kodi na zenye mlango wa kugongwa. Ndivyo inavyokuwa kila mara. Redio ya jamii ya kijijini inanyamaza, mtandao unaendelea.

Jambo la Joseph Kabila lilifika mbali zaidi. Tarehe 23 mwezi wa tano 2025, siku moja baada ya seneti kumwondolea kinga, alitoa hotuba ndefu kwa video YouTube. Siku chache baadaye akaonekana Goma. Tarehe 2 mwezi wa sita CSAC, chini ya Christian Bosembe, ikakataza vyombo vya habari kutangaza shughuli za chama chake PPRD na kuwahoji wanachama wake kwa siku 90. Matokeo? Msemaji wa upande wa AFC/M23 akatangaza kwamba katika sehemu wanazoshikilia katazo hilo halitafuatwa. Watu ambao katika maeneo yao redio za Masisi na Rutshuru zimeporwa au zimezimwa, na waandishi wamekimbia na mifuko ya nguo, wakapata nafasi ya kuvaa joho la watetezi wa uhuru wa habari! Ni CSAC iliyowashonea joho hilo. Mwandishi aliyebaki Goma akawa kati ya mawili: akitangaza, Kinshasa inamwona msaliti, akinyamaza, wenye silaha walio mlangoni wanamwona adui.

Kwa hiyo isidhaniwe kwamba kulaumu Kinshasa ni kusifu Goma ya leo. Mwenye bunduki anayeamua habari ipi ni nzuri hana haki zaidi kuliko mwenye kiti anayeamua hivyo. Tofauti ni kwamba Kinshasa ina katiba iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006, na imeapa kuifuata. Kifungu cha 23 kinampa kila mtu haki ya kusema mawazo yake, cha 24 haki ya kupata habari. Vifungu hivyo vinakubali mipaka: sheria, utulivu wa watu, mwenendo mwema. Mpaka huwekwa kwa sheria, na sheria ina sahihi na tarehe.

Hapo ndipo penye kiini. Hakuna anayedai video zisiwe na kanuni yoyote. Kinachodaiwa ni kanuni yenye uso. Uamuzi wa kufunga uandikwe, usomwe redioni kwa lugha nne za taifa, useme kitu gani kinafungwa, kwa siku ngapi, kwa sheria ipi, na raia akate rufaa wapi. Ufunge video ile au akaunti ile, si mtandao mzima. Hakimu auangalie, maana waziri ambaye video inamtaja hawezi kuwa pia anayeihukumu. Na kama ni vita kweli, na hatari ni ya saa chache, basi siku zihesabiwe hadharani kama zinavyohesabiwa za hali ya hatari.

Kuna upande mwingine ambao Kinshasa haiugusi, nao ni wenye mitandao. Kampuni hizi zinapata pesa kwa macho ya Wakongo. Je, zina watu wangapi wanaoelewa Kiswahili cha Kivu, wanaojua kwamba neno fulani ambalo Dar es Salaam ni mzaha, Uvira ni mwito wa kuchoma nyumba? Serikali inapofunga mtandao, haiulizi swali hilo. Kampuni inakaa kimya ingojee, kisha inarudi kama ilivyokuwa, na mchochezi anarudi nayo. Kuna njia ngumu zaidi iliyojaribiwa karibu. Profesa Meareg Amare wa Ethiopia alitajwa kwenye Facebook mwezi wa kumi mwaka 2021 pamoja na maneno ya chuki, kisha akauawa nje ya nyumba yake Bahir Dar. Mwanawe hakuomba Facebook ifungwe. Mwaka uliofuata aliishtaki Meta mbele ya mahakama kuu ya Nairobi, mji ambao kazi ya kuchuja maneno ya sehemu hii ya Afrika ilikuwa inafanyiwa, na mwezi wa nne 2025 mahakama hiyo ikasema ina uwezo wa kusikiliza kesi. Mtu mmoja mwenye msiba alithubutu kugonga mlango ambao serikali yenye mawaziri zaidi ya 50 haijaugonga.

Majirani hawasaidii kutoa mfano mzuri. Uganda ilifunga Facebook mwezi wa kwanza 2021, wakati wa uchaguzi, na Wakongo walioko Nakivale na Kyangwali walijifunza VPN huko. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2018 zilizodai leseni na ada kwa waliotangaza kwenye mitandao, ada ambayo kijana wa kijijini hakuweza kuipata. Kinshasa inapotafuta pa kuiga, isiwe huko. Kanuni ya kulipia mdomo itawaacha matajiri wakisema na wahami wakisikiliza, na matajiri wamesema vya kutosha.

Lililobaki ni la wabunge. Wale waliochaguliwa Kivu Kaskazini na Kusini, ambao wengi sasa wanakaa Kinshasa mbali na watu wao, wana chombo mkononi: swali la mdomo kwa waziri wa mawasiliano. Hakuna haja ya hotuba ndefu. Aulizwe nani alitia sahihi amri ya mwezi wa pili 2025, tarehe gani, kwa kifungu gani, na ilikusudiwa kwisha lini. Barua ya 2017 ilijulikana kwa sababu ilivuja na watu wakaisoma kwa macho yao. Kama ya 2025 iko, iletwe bungeni isomwe kwa sauti, na kikao hicho kirushwe moja kwa moja kwa video, ili yule mama wa Bulengo ambaye sasa yuko Masisi, akipata mtu wa kumshikia simu, amsikie waziri akijibu.